Kitambaa Juu ya Kompyuta

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni wima. Mimi niliishia darasa la nne. Lakini kosa moja nimelifanya mara mbili, na kati yake kuna miaka zaidi ya hamsini. Mtu wa namna hiyo ana neno la kuwaambia.

Ilikuwa Ijumaa, hapa kwangu Kisian. Mjukuu wangu wa kike alikuwa anatuma maombi ya chuo cha uuguzi, na mwisho wa kupokelewa ulikuwa saa kumi na moja jioni. Saa tisa kompyuta yetu, ile kubwa ya mezani, ikaanza kuvuta miguu. Akibonyeza herufi, inatokea baadaye, kama mtu anayetafuta uongo wa kusema. Feni ikalia ndani kama kinu cha posho. Kisha kioo kikawa cheusi. Akaiwasha, ikajizima tena.

"Nenda saiba mjini, ukatumie kompyuta ya kulipia," nikamwambia.

"Dani, vyeti na barua vyote vimo humu. Nitaenda nimebeba nini, kichwa?"

Dani ndiyo nyanya kwetu Wajaluo. Akampigia simu fundi wa kompyuta huko mtaa wa Obunga, naye akajibu, "Lete Jumatatu, madam." Jumatatu! Mtoto akaanza kulia bila sauti. Mimi sitaki kilio katika nyumba isiyo na maiti.

Nikaingiza mkono chini ya kitambaa nilichoifunikia kompyuta, nikagusa lile sanduku lake. Joto lile nililijua. Si la jiko. Ni joto la kitu kilichofungiwa.

Nilikuwa na kama miaka minane, nikikaa kwa nyanya yangu huko ufukweni mwa ziwa. Asubuhi tulianika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu, zikimeta kama sindano. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku na ndege. Wanawake walitaniana wakigeuza samaki, na harufu ile ilikwenda nasi kwenye nywele mpaka kanisani. Mwaka huo mtama ulikauka shambani, kwa hiyo omena zile ndizo zilikuwa chakula chetu hadi mavuno. Siku moja nyanya alikwenda kutafuta kuni, na wingu jeusi likasimama upande wa ziwa. Omena hazijakauka. Nikazirundika zote, nikazifunika kwa magunia, nikakaa juu yake kama chifu. Mvua ikapita mbali. Mimi sikufunua. Nilijiona mtoto mwenye akili.

Nyanya aliporudi jua likizama, akaingiza mkono kwenye rundo, akautoa haraka. Ndani kulikuwa moto kama uji, na harufu imeshageuka. Akasema, "Umezipika bila moto." Hakunichapa. Heri angenichapa. Tulikula ugali wa muhogo na mboga chungu mpaka mavuno, na kila mara akinipakulia alisema, "Kinachopumua, kiache kipumue."

Basi nikamwambia mjukuu, "Zima. Chomoa waya."

"Dani, kwani wewe unajua kompyuta?"

"Najua omena."

Nikaondoa vitambaa nilivyofuma mwenyewe, kimoja cha kioo, kimoja cha sanduku. Hicho cha sanduku nilikuwa nimekishusha mpaka nyuma, kikaziba matundu yote, ati vumbi lisiingie. Tukafungua ubavu wa sanduku kwa ncha ya kisu. Feni haikuonekana. Ilikuwa imevaa blanketi la vumbi na sam, wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi na kufuata taa. Mtoto akaishika feni kwa kidole isizunguke, mimi nikasafisha kwa mswaki mkavu na unyoya wa kuku. Alitaka kuiwasha hapo hapo.

"Ngoja ipoe."

"Saa inaenda, Dani!"

"Iende. Ukiwasha na joto lile, utalia mpaka Jumatatu."

Tulikaa tukiitazama kama mgonjwa. Kila mara nikaweka kiganja. Saa kumi na nusu bati la sanduku likawa baridi kama mtungi, nikasema washa. Feni ikanong'ona tu. Akaandika, herufi zikafuata vidole. Saa kumi na moja kasoro dakika nne kioo kikaandika: maombi yamepokelewa. Akanikumbatia huku mswaki bado mkononi mwangu.

Je, nilimwomba msamaha? Hapana. Nilimpikia chai ya maziwa, na alielewa.

Ufukwe ule wa nyanya haupo tena. Magugumaji yamelala juu ya maji, nayo yamelifunika ziwa kama magunia yangu. Nyavu zile hazipo, wale wanawake na utani wao hawapo. Mkono wa nyanya uliojua joto ndio ulibaki kwangu, na hata huo nilikaribia kuusahau.

Jioni ile ya Ijumaa niliwaita wote wa nyumbani sebuleni, nikawaambia: "Vitambaa vikae kwenye viti. Mashine hii ikae uchi. Atakayeifunika tena, hata nikiwa mimi, mchapeni mkono."