Gemu Lililonishusha Garini Ukweni

Jamani, mkicheka chekeni tu, maana mimi mwenyewe hadi leo nikikumbuka najifunika uso kwa mto.

Zuhura wangu alipomaliza chuo hapa Kibaha alirudi kwao Kisarawe, nikabaki na simu tu, kila jioni tunacheza wote lile gemu la mapigano la yule staa wa Bongo Fleva anayempenda (staa mwenyewe, sura yake, sauti yake, anatembeza kichapo kwa genge lililomwibia nyimbo), na hata Zuhura akinishinda nilikuwa nafurahi. Lakini kumwona kwa macho? Miezi ilipita. Nilimkumbuka mpaka chakula hakipandi, sifichi.

Basi siku wazee wangu wanapeleka posa (na mnajua muoaji hutulia kwao), nikambembeleza baba mdogo, "Acha niwaendeshe, nitavaa kofia, sitoki garini." Nilitaka kumwona tu, hata akipita na ndoo.

Wakaingia ndani. Mimi macho mlangoni, hapiti mtu, nikaona nifungue gemu nipoze mawazo, sauti ya simu nimeizima kabisa. Joto likazidi, nikazungusha ufunguo nishushe vioo, kumbe redio nayo imewaka na kuidaka simu yangu kwa bluetooth, na baba mdogo alikuwa ameifungulia mpaka mwisho kwa ajili ya kaswida njiani! Staa akamngurumia mkuu wa genge, mtaa mzima ukasikia: "Mzee, toka nje! Leo utanitambua!"

Na mzee akatoka kweli, baba yake Zuhura, na kanzu yake, wazee wangu nyuma yake wametoa macho.

"Nani ananiita nje, nyumbani kwangu?"

Nikashuka mikono juu, simu mkononi, gemu bado linapigana kwenye kioo. Baba mdogo akawahi, "Samahani sana, huyu dereva tu." Yangeishia hapo, ila mdomo wangu huu, loh!

"Shikamoo, baba mkwe!"

"Marahaba," akajibu taratibu. "Mrudisheni Kibaha akamalize kucheza. Akikua, mje tena."

Tukarudi Kibaha. Jioni Zuhura akapiga, ananong'ona.

"Kumbe umekonda hivyo?"

"Umenionea wapi?"

"Dirishani. Ulivyonyoosha mikono." Akacheka, halafu nikasikia analia.

Gemu nimelifuta, na wazee wakikubali kwenda tena, wallahi nitakaa nyumbani hata wakinifungia kwa kufuli. Ila roho inaniuma, jamani. Mwenzangu aliniona, mimi sikumwona hata kivuli.