Vipimajoto Kwenye Roshani

Kazi yangu miaka ile, katika maabara ya chuo kimoja hapa Toronto, ilikuwa kuhakiki vipimajoto. Watafiti walikwenda navyo Aktiki, kule kaskazini ya mbali, kupima joto la uso wa ardhi. Unakielekeza chini, unabonyeza, nacho kinasoma joto bila kugusa theluji wala udongo. Kosa la wageni ni kukichomoa kwenye koti lenye joto na kupima papo hapo. Kitakudanganya mchana kweupe. Lazima kwanza ukiache nje kizoee baridi.

Vingine nilivijaribu nyumbani, mtaa wa St. James Town, kwenye roshani ya ghorofa yetu. Mama alikuwa amefika kutoka Dar es Salaam majira yale ya baridi. Alijifunga kanga juu ya sweta mbili, akanitazama kupitia dirishani nikihangaika na ndoo ya theluji, akacheka mpaka akakaa.

"Umesoma miaka yote hiyo uje kupima barafu kama ina baridi?"

Kisha kazini nikaambiwa safari ijayo ya Aktiki ni yangu. Nilikuwa nikiililia safari hiyo tangu nianze kazi. Lakini Mama hakujua hata kupanda basi, lifti ilimtia hofu, na mtu akipiga simu akaongea Kiingereza, alikata. Nikakataa. Nikamfundisha mwenzangu yote niliyoyajua, akaenda yeye.

Nilitegemea shukrani. Mama alikasirika.

"Vyombo vyako unaviacha nje vizoee baridi. Mimi unanifunika blanketi. Nani alikutuma?"

Nilinuna wiki nzima, nikijiambia kwamba nitakwenda mwaka unaofuata. Mwaka uliofuata mradi ukafungwa, na mpaka leo Aktiki naiona kwenye picha. Inaniuma. Inaniuma zaidi kwa sababu kabla theluji haijayeyuka, Mama alikuwa akipanda basi peke yake kwenda msikitini, na kurudi na umbeya wa mji mzima.

Alipofariki, miaka kadhaa baadaye, wanawake wa msikitini walijaa sebuleni kwetu. Bibi mmoja nisiyemfahamu akanishika mkono.

"Pole, mwanangu. Wewe ndiye uliyekwenda kule mwisho wa dunia kupima barafu? Mama yako hakuchoka kutusimulia."

Nilitaka kusema hapana. Nikaitazama kanga ya Mama, bado iko juu ya kiti chake, nikashindwa.

"Ndiye mimi, Bibi."

"Kukoje huko?"

"Kuna baridi," nikamjibu, "lakini mtu anazoea."