Masizi ya Gari la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakuwa na mazoea ya kunipigia simu. Akiwa na neno, alimwambia binti yake, naye binti yake akanifikishia. Kwa Wajaluo, maro, yaani mama mzaa mke, huheshimiwa kwa kukaa mbali naye. Kwetu Wakuria ni hivyo hivyo, labda kwa ukali zaidi. Basi asubuhi ile nilipoona namba yake, nikiwa gereji kwangu Migori na mikono imejaa grisi, nilidhani kuna msiba.

"Orwa," akasema, kwa jina ambalo watu wa kwao humwita mkwe, "gari imekataa kupanda mlima."

Tulizungumza Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu ni cha sokoni tu. Gari lenyewe alilinunua alipostaafu ualimu mkuu, gari dogo la dizeli lililotoka Japani. Alilitumia kwenda kanisani na sokoni Homa Bay, basi. Sasa taa ya manjano ilikuwa imewaka kwenye dashibodi na haizimiki. Fundi mmoja wa karibu alikuwa amemwambia dawa ni kulipasua chujio la moshi, kutoa matumbo yake na kulichomelea tupu.

"Mimi sitaki gari yangu itolewe matumbo," akasema. "Njoo uangalie wewe."

Nilifika kwake kabla ya jua kuwa kali. Nikamsalimia nikiwa mbali, macho chini, nikafungua boneti. Mashine yangu ya kusoma kompyuta ya gari ilionyesha kwamba chujio limejaa masizi karibu na kikomo. Magari haya huyachoma masizi yenyewe yakienda mwendo mrefu, lakini la mama mkwe lilikuwa halijapata mwendo huo. Kila likianza kuchoma, yeye amefika sokoni, anazima.

Kilichonitatiza ni sensa ya kupima msukumo wa moshi. Haikusogea hata kidogo.

"Mama, tafadhali ingia, ukanyage mafuta pole pole," nikamwambia.

Akaingia, akakanyaga. Niliinama, nikafuata kwa kidole kimpira kinachoenda kwenye sensa, nikakikuta kimepasuka kwa joto. Hapo ndipo niliposikia injini ikipanda sauti. Nilidhani ni mguu wake. Nikainua kichwa, nikamwona ameweka miguu nje ya mlango, ananitazama. Injini iliendelea kupanda yenyewe.

"Zima!" nikapiga kelele. "Zima, zima!"

Akazima. Ile injini haikunyamaza mara moja. Ilivuta pumzi chache za ziada, ikatetemeka, moshi mweupe ukatoka nyuma, ndipo ikafa. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili: ilikuwa imepita alama ya juu, nyepesi kama maji, inanuka dizeli. Kila gari lilipojaribu kuchoma masizi na kukatizwa, dizeli ilikuwa ikiteremka kwenye oili. Injini ikianza kunywa oili yake yenyewe, ufunguo hauisimamishi. Inazunguka mpaka ipasuke.

Nikakumbuka nilivyomfokea. "Nisamehe, Mama."

"Ungenong'ona ningekusikia?" akasema. "Endelea na kazi."

Nikamwaga oili yote, nikatia mpya na kichungi chake, nikabadilisha kimpira. Sensa ikaamka. Kilichobaki ni kuyachoma masizi, na pale nyumbani sikuthubutu. Joto la bomba lingekuwa kama la jiko la mkaa, na kila upande palikuwa na nyasi kavu. Nikamwambia nitalipeleka barabarani hadi Rongo bila kusimama.

"Gari ikitoka, na mimi natoka."

Akakaa kiti cha nyuma kabisa, upande wa pili. Lakini nilihitaji mtu wa kusoma mashine wakati naendesha, kwa hiyo nikamnyooshea bila kugeuka. Baada ya Rodi Kopany nilishika gia ya chini kidogo, injini ikawa inanguruma, naye akawa ananisomea joto la chujio kama anayeita majina darasani.

"Mia nne. Mia tano na kumi. Mia sita."

"Ikipita mia saba uniambie haraka."

Harufu ya moto ikaingia garini. Shati lilikuwa limenigandia mgongoni. Tulipofika kwenye mashamba ya miwa, trekta lililobeba miwa likasimama ghafla mbele yetu. Nyuma yetu lori likaja, likasimama karibu mno. Upande wa pili magari yalikuwa yanapita mfululizo. Chini yetu barabara ilikuwa imefunikwa na majani makavu ya miwa.

"Orwa," akasema taratibu, "hii moshi si ya ekzosi."

Ulikuwa unapanda kando ya mlango wangu, wa kijivu, na ndani yake niliona mwale wa moto. Tangi la dizeli lilikuwa chini ya kiti chake. Kabla sijageuka alikuwa ameshatoka. Kwenye kioo nikamwona akipiga boneti ya lori kwa kiganja.

"Rudi nyuma! Wewe! Rudi nyuma sasa hivi!"

Lile lori likarudi. Nadhani hata mimi ningerudi. Nikaweka rivasi, nikalitoa gari juu ya moto, majani yakabaki yanawaka peke yake pale kwenye lami. Watu wa trekta wakashuka, wakaumwagia moto mchanga. Nililala chini kuangalia: mpira wa breki haukuguswa, nyaya nzima, rangi tu imebabuka kidogo. Injini sikuizima.

Nilikuwa tayari kumwambia tuache. Yeye alikuwa ameshakaa, ameokota mashine.

"Mia tano na hamsini," akasema. "Imeshuka. Endesha."

Trekta likatupisha, na kabla ya kufika Rongo msukumo wa moshi ukaanza kuporomoka, kisha joto likashuka lenyewe, na ile taa ya manjano ikazimika. Nikaegesha kwenye saruji ya kituo cha mafuta.

Mama mkwe akanunua soda mbili. Yangu akaiweka juu ya boneti, yake akaenda kuinywea upande wa pili wa jengo, asinione nikinywa wala mimi nisimwone.

Nilimweleza kwamba gari lile linataka safari ndefu kila wiki, la sivyo litajaa tena. Alitikisa kichwa kukubali. Sasa kila Jumamosi analiendesha mwenyewe hadi Migori, anasalimia wajukuu, anageuza. Mke wangu anasema tangu aolewe hajawahi kumwona mama yake mara nyingi kiasi hicho.