Madabodi ya Athuman

Kwa miezi saba baada ya Athuman kuzikwa, kompyuta yake iliendelea kuwaka yenyewe kila siku saa kumi na nusu alasiri. Feni zilianza kuvuma, taa za bluu zikatambaa ubavuni mwa kasha, na kioo kikang'aa kama mtu aliyefumbua macho. Umeme ukiwepo, haikukosa hata siku moja.

Rukaya, mjane wake, alikuwa fundi cherehani, na chumba ilimokaa kompyuta, hapo mtaa wa Bulyaga, kilikuwa chumba chao cha kulala kabla hajakigeuza pa kushonea. Alijua sababu. Athuman alikuwa akitoka kiwanda cha chai saa kumi, na hakupenda kufika nyumbani akaanza kungoja mashine ipakie mambo yake. Alikuwa ameiagiza madabodi, ile sahani pana ya ndani inayobeba vifaa vyote, iiamshe kompyuta nusu saa baadaye, ili akivua viatu akute gemu liko tayari. Kisha homa ya siku nne ikamchukua, na hakuna aliyeiambia madabodi.

Mama mkwe wake, Bi Mwantum, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Siku ya kwanza kuisikia, Rukaya angali katika eda, mama huyo alisimama mlangoni, akashika fremu, akasema taratibu kwa Kinyakyusa, "Ugonile." Ni salamu anayopewa mtu. Tangu hapo kila alasiri alikuja kukaa ukingoni mwa kitanda kilichobaki humo mpaka feni zitulie. Aliacha kwenda shambani kwake Mpuguso mchana, na migomba ikaota magugu.

Siku moja Rukaya alimweleza. "Mama, ni mashine tu. Ina saa ndani yake. Iliagizwa."

"Najua ni mashine," Bi Mwantum alisema. "Aliyeiagiza ni nani?"

Rukaya akarudi kwenye cherehani yake. Na ukweli ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuishi kwa saa ile. Ikikaribia saa kumi na nusu aliacha kukanyaga cherehani. Mara moja feni zilivuma akiwa anapiga pasi gauni la harusi, akageuka kutazama mlango, na aliporudisha macho, pasi ilikuwa imeshatoboa kitambaa. Wateja wa alasiri aliwaambia waje asubuhi. Wengine hawakuja tena.

Kulifuta lile agizo kulikuwa kazi ya dakika mbili. Athuman alikuwa amemfundisha mengi, na siku moja aliufungua ukurasa wa mipangilio, akaliona: 16:30, kila siku. Aliweka kidole juu ya kitufe. Kidole kikakataa. Lilikuwa neno la mwisho la mumewe lililokuwa bado linatiiwa, naye alitakiwa alifute kwa mkono wake.

Ndipo akapata njia ya pembeni. Alimwambia mama mkwe kuwa kasha lile kubwa limekula meza, na anahitaji nafasi ya cherehani ya pili. Angeipunguza kompyuta. Kasha dogo, madabodi ndogo, vifaa vingine vilevile. Hakusema kwamba madabodi ya zamani ikiondoka, agizo nalo litaondoka, bila yeye kugusa chochote.

Alimpigia simu Godwin, muuza vifaa wa Mbeya ambaye Athuman alikuwa akinunua kwake.

"Dada Rukaya, pole sana kwa msiba," Godwin alisema. "Kwanza tuangalie prosesa, ule ubongo wa mashine. Si kila madabodi inaipokea. Nisomee maandishi yaliyo kwenye boksi lake."

Akamsomea.

"Sawa, ninazo mbili zinazoikubali. Moja ndogo kabisa, sentimita kumi na saba kila upande. Nyingine ya kati, ishirini na nne. Ramu, zile kumbukumbu za muda, ziko ngapi?"

"Nne."

"Ile ndogo inachukua mbili tu. Kadi ya picha ina urefu gani? Na feni ya prosesa, kimo chake?"

Rukaya alitoa futi yake ya kupimia nguo, akainama ndani ya kasha. Kadi sentimita ishirini na saba. Feni kumi na sita. Akiwa ameingiza mkono humo alihisi vumbi laini, akavuta kidole nje kikiwa na ungaunga wa majani ya chai yaliyokuja na nguo za kazi za Athuman. Hakukifuta upesi.

"Kwenye kasha la ile ndogo, feni hiyo haiingii," Godwin alisema. "Utanunua nyingine fupi, utaacha ramu mbili, na joto litakusumbua. Ndogo sana inapendeza machoni tu. Chukua ya kati."

Rukaya alijua nguo ikibanwa kupita kiasi hupasuka kwenye mshono. Akachukua ya kati.

Alipeleka vifaa Mbeya mwenyewe, vimefungwa kwa vitambaa. Godwin aliunganisha akiwa ametulia, akawasha, akapitia mipangilio mmoja mmoja.

"Hii nayo ina saa ya kujiamsha," alisema. "Ile ya zamani niliiwekea mimi, Athuman aliniomba. Niiweke na hapa?"

Rukaya alihisi njia yake ya pembeni imeishia ukutani.

"Acha," alisema.

"Niache kuiweka, au niache kama ilivyokuwa?"

Rukaya alikunja vile vitambaa mpaka Godwin akageuka kumtazama. "Usiiweke."

Kesho yake, saa kumi na nusu, Bi Mwantum alikaa ukingoni mwa kitanda kama kawaida. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya bati. Kasha jipya lilikaa pembeni ya meza, jeusi, halina sauti. Dakika zikapita.

"Umemfukuza," Bi Mwantum alisema.

"Sikumfukuza, mama. Nimeulizwa, nikasema hapana."

Mama yule alinyanyuka, akafunga mzigo, akaenda Mpuguso. Alikaa huko siku tisa bila simu. Rukaya alishona mpaka macho yakamuuma, na kila alasiri masikio yake yalisikia feni ambazo hazikuwapo.

Siku ya kumi Bi Mwantum alirudi na mkungu wa ndizi na udongo kwenye kucha. Aliketi karibu na meza. "Nionyeshe alichokuwa akikifanya humo," alisema. "Sijawahi kumuuliza."

Rukaya akawasha, akafungua gemu la malori alilolipenda Athuman. Lilifunguka pale alipoliacha: lori jekundu limesimama kando ya barabara, taa zinawaka, mvua ya gemu ikishuka kwenye kioo.

"Limekaa hapo tangu siku ile?"

"Tangu siku ile, mama."

Bi Mwantum alilitazama kwa muda mrefu. Akavuta kiti karibu zaidi.

"Lisogeze," alisema. "Lisije likagongwa."

Rukaya akabonyeza kitufe. Lori likanguruma, likaingia barabarani.