Nusu Mzunguko Ulitosha

Nakumbuka asubuhi moja kule Awasi, mwanangu, ukungu umelala juu ya mashamba hata ng'ombe wa jirani nawasikia tu bila kuwaona. Nilikuwa kwa wazazi wa mama yako, nimevaa suti ya kuazima, nimekuja kumwomba arudi. Alikuwa ameondoka Kisumu na wewe mgongoni. Ulishikwa na homa, akakukimbiza hospitali peke yake kwenye mvua, na mimi nilikuwa mtaani Kondele siku ya tatu, nakunywa na marafiki. Hata leo nikilisema naona haya.

Basi nilikuwa nimejiandaa. Kijana wa mjini akose Kiingereza? Nikasimama uani mbele ya babu yako, mwalimu mstaafu, nikakohoa kidogo, nikasema, "Baba, I have changed three hundred and sixty degrees." Nikangoja kusifiwa.

Babu yako akaangalia viatu vyake. Mama mkwe alikuwa ndani, kwa maana kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali, naye hawezi kumgombeza mkwewe. Ila bibi ya mke ana ruhusa yote. Huyo hukutania hata akakuita mume wake. Dani, bibi ya mama yako, alikuwa palepale uani akifinyanga chungu.

"Hiyo kizungu yake inasema nini?" akauliza.

"Anasema amegeuka mzunguko mzima, Mama," babu yako akamjibu.

"Chwora, mume wangu, kuja hapa. Zunguka hii chungu."

Wafinyanzi wa kwetu hawana gurudumu. Chungu hutulia na mfinyanzi ndiye anayekizunguka, mkono ukilainisha udongo. Nikazunguka na suti yangu, polepole, udongo baridi chini ya vidole, moshi wa jikoni ukichanganyika na ukungu, nikajihisi kama niko usingizini. Nilipofika nusu niliona, ng'ambo ya chungu, mlango, na mama yako amesimama mlangoni amekubeba. Nilitamani kubaki hapo. Lakini nilishaambiwa nizunguke, nikaendelea mpaka nilipoanzia.

"Sasa uko wapi?"

"Palepale, Dani."

"Na unaangalia wapi?"

"Barabara ya Kisumu."

"Kwa wale walevi wako. Sasa mtoto wangu arudi kwa nini, na wewe umerudi palepale?"

Nilirudi Kisumu peke yangu, nikalia njia nzima, tena bila kujificha.

Sikuacha pombe siku hiyo, nisikudanganye. Niliacha, nikaanguka, nikaacha tena. Nilihama Kondele. Mahindi yalivunwa mara mbili kabla sijathubutu kwenda tena Awasi, safari hii kwa shati langu mwenyewe.

"Leo umezunguka mara ngapi, chwora?" Dani akaniuliza.

"Nusu tu, Dani."

Akacheka mpaka akashika kiuno, akamwita mama yako. Mama yako akatoka amekushika mkono. Ulikuwa unatembea, mwanangu. Ulinitazama, ukajificha nyuma ya nguo yake, kwa sababu hukunijua.

Jana ulipopita hapa nilikusikia kwenye simu ukimwambia mke wako, aliyerudi kwao na mtoto, kwa Kiingereza kilekile, kwamba umebadilika digrii mia tatu na sitini. Nilitoka nje nikaangalia ziwa kwa muda mrefu. Mwanangu, ukitaka kugeuka, fika nusu, kisha simama hapo umwangalie uliyemkosea, wala usimalize mzunguko. Usiende kumchukua kwa maneno matamu. Nenda ukiwa umeshageuka, na uende mapema, mtoto wako angali anakujua.

Mungu akushike miguu ukifika nusu. Chungu cha Dani kiko hapa kwangu, pitia ukichukue uende nacho.