Honi yenye Mafua

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuing'oa honi ya lori la babu na kuweka mpya. Ile ya zamani ilikuwa ikilia vizuri tu. Niliing'oa kwa sababu sauti yake ilikuwa mbaya, na mimi kitu kibaya kikibaki mahali nilipopashika, sipati usingizi.

Lori lenyewe ni la Kijerumani, la pua ndefu, la zama ambazo kutoka Sur hadi Nizwa kulikuwa mwendo wa siku mbili, changarawe na wadi, yale mabonde makavu yanayofurika mvua ikinyesha. Babu, mzaa mama, alijifunza udereva Tabora. Alikuja Oman na leseni na maneno machache ya Kiarabu, na lori hilo ndilo lililomjengea jina. Kwenda alipakia papa mkavu wa Sur. Kurudi alipakia tende, na mitungi ya Bahla iliyofungwa makuti isije ikavunjika. Mama anasema utotoni mwao hata sukari ilinukia papa.

Nililikuta nyuma ya nyumba ya babu, mjini Ibra, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Mimi ni mtu wa ofisini Nizwa, na ufundi hakunifundisha mtu. Nilijifunza kwa video za kwenye simu na kwa kitabu cha Kijerumani nisichoweza kukisoma, nikifuata michoro. Fundi mmoja wa Kibaluchi alinipa kona ya gereji yake pale Ibra, na kwa miaka miwili kila mwisho wa wiki nilikuwa pale. Mlango wa kushoto niliupaka rangi mara sita.

"Wewe unapaka lori au unamwandaa bibi harusi?" fundi aliniuliza.

"Bado kuna alama."

"Wapi?"

"Hapa."

Akavaa miwani, akainama, akaivua. "Alama iko kichwani mwako, bwana."

Babu naye, kila Ijumaa tukitoka msikitini, aliuliza, "Bado tu?" Alikuwa na haja moja: kwenda na lori lile Bidiya kwa rafiki yake, ambaye pamoja naye waliliendesha kwa zamu ujana wao wote. Rafiki huyo sasa haoni, na hatoki nyumbani. Babu mwenyewe anatembea kwa fimbo. Yote hayo niliyajua, na bado nilimjibu, "Bado kidogo, Babu."

Kuna jambo jingine nililolijua, ndiyo maana sina udhuru. Madereva wa zamani hawakubisha hodi. Ukikaribia nyumba ya mwenzako ulipiga honi penye kona, mbili fupi na moja ndefu, na ndani mdila wa kahawa ukawekwa motoni. Ukizima injini, mlango uko wazi na kahawa inamiminwa. Kila lori lilijulikana kwa honi yake. Ya babu ilikuwa kama mtu mwenye mafua, kwa sababu bati lake la ndani lilipasuka akaliziba kwa kipande cha kopo la halua. Hadithi hiyo niliisikia tangu mdogo. Lakini siku niliposhika spana niliona kopo tu.

Tulikwenda Bidiya lori likiwaka kama kioo, babu kafunga kilemba kipya. Penye kona, karibu na mfereji wa falaji, nilipiga honi. Ilitoka sauti safi kabisa. Babu alinitazama, akatazama mbele. Tulipofika, mlango ulikuwa umefungwa. Tukakaa. Mwishowe akatoka mfanyakazi wa nyumba.

"Mzee anasema tangi limejaa. Mje Jumatatu."

Alidhani sisi ni gari la maji.

Babu alishuka polepole, akagonga mlango kwa fimbo.

"Nani huyo anagonga kama askari?" ilitoka sauti ndani.

"Mimi!"

"Wewe? Umekuja na nini?"

"Na lori letu."

"Lori letu nalijua mimi. Halijapita hapa."

Tulimshika mkono tukamtoa nje. Akalipapasa madigadi taratibu, mbele na nyuma. "Laini," akasema. "Laini mno. Hili mmeazima." Babu alicheka kidogo. Kahawa tulikunywa, lakini ilikuwa kahawa ya wageni, wazee wakiulizana habari za watoto na bei ya mbuzi.

Tulipokuwa tukirudi, tukiingia Ibra, babu alisema, "Umri wangu wote sijapata kuugonga mlango ule." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Asubuhi yake nilikwenda gereji. Honi ya zamani nilikuwa nimeitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, na pipa lilikuwa limeshachukuliwa na mnunuzi wa vyuma. Nilisimama pale nikiona aibu kwa machozi yangu. Fundi akanionyesha ukuta kwa spana. Honi ilikuwa pale, imetundikwa msumarini, imebebeshwa mikanda ya feni.

"Nilijua utakuja."

"Umejuaje?"

"Babu yako alipita siku ile ile uliyoitupa. Aliiona ndani ya pipa. Nikamwambia nikuite uirudishe, akakataa. Akasema, mwache afurahi na kazi yake. Alipoondoka nikaiokota."

Kumbe alijua tangu mwanzo. Alipanda lori lile na kilemba chake kipya, akijua.

Niliirudisha honi mahali pake. Ukingo wa lile kopo la halua ulikuwa na kutu, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye msasa. Nikauweka msasa chini. Sijui kama kuna kazi iliyokuwa ngumu kwangu kuliko hiyo.

Ijumaa iliyofuata, penye kona ile ile, nilipiga mbili fupi na moja ndefu. Ikakohoa, ikakwaruza, ikalia. Mlango ulikuwa wazi kabla hatujasimama, na mzee kashikilia mwimo wake anapiga kelele.

"Umechelewa, mwehu wee! Papa wote wameoza!"

"Wadi ilijaa!" babu akajibu kutoka dirishani.

"Wadi gani kiangazi hiki? Ulilala Mudhaibi, nakujua!"

Kahawa ilikuwa inamiminwa. Nilikaa pembeni nikiwasikiliza, nikamshukuru Mungu kwamba wote wawili walikuwa bado hai kunisubiri, na nikamshukuru fundi aliyeokota nilichotupa.

Sasa tunakwenda Bidiya kila mwezi. Alama ya mlango wa kushoto ipo, na sijaipaka tena. Na siku hizi, kabla sijafungua hata skrubu moja ya lori lile, namwuliza babu kwanza.