Nilimwambia Baba Afungue Mdomo Tu

Nimekosa, ndugu msomaji, na simsingizii shetani. Jina langu siandiki. Kwenye kioo sijitazami tena.

Baba yangu ni fundi wa baiskeli hapa Malaba. Alikuwa akikaza spoki anaigonga kwa spana na kuniuliza, "Hiyo ni do ama ni so?" Muziki nilijifunza hivyo, nikiwa nimechuchumaa kando ya gurudumu. Kwaya ya kanisa aliianzisha yeye. Alipochoka akaniachia niiongoze, akarudi safu ya nyuma kuimba besi.

Uhuru ukiwa bado mbichi, mzungu mmoja wa muziki akaja kusikiliza kwaya zetu. Alitaka kijana wa kwenda Nairobi kufundishwa kuongoza okestra, ile ya fidla na tarumbeta. Nafasi moja tu! Tamaa ikanipanda kichwani.

Sauti ya baba ilikuwa imeanza kukwaruza. Kumwambia abaki nyumbani sikutaka, maana safu ya besi ingeonekana fupi. Basi siku ya mazoezi nikamnyooshea kijiti changu cha kuongozea mbele ya kwaya nzima.

"Mzee, wewe utafungua mdomo tu. Sauti usitoe."

Mzee! Baba aliyenizaa! Hata Papa, kama tunavyomwita baba sisi Wateso, sikumwita.

"Sawa, mwalimu," akasema.

Siku ya mzungu baba alisimama akifungua na kufunga mdomo, macho kwenye mkono wangu. Hakukosea hata mara moja. Nikachaguliwa mimi.

Nairobi nikavaa koti jeusi lenye mkia. Nikaongoza okestra, nikaongoza hata opera, ule mchezo ambao watu hawaongei, wanaimba mwanzo hadi mwisho. Makofi yalinilevya! Mama akaniandikia: "Siku hizi baba yako haimbi, hata akikaza spoki." Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nikaikunja barua nikaenda kupiga pasi shati. Mtu mchafu mimi!

Mwaka jana mama akafariki. Nikafika na viatu vya kung'aa. Kanisani kwetu, mke akishushwa kaburini, mumewe ndiye huanzisha wimbo. Tukamngoja baba.

Akafungua mdomo. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Watu walidhani ni uchungu, wanawake wakaanza kulia. Lakini baba alikuwa akitazama mkono wangu.

Nikamsogelea. "Papa, imba basi."

"Bado hujaniruhusu, mwalimu."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenizaba kofi! Mama alifukiwa bila wimbo wa mumewe.

Nyinyi mnaoongoza kwaya, mnaowaonea haya wazee wenu wageni wakija, nitazameni mimi. Kile kijiti nimekichoma moto. Nairobi sikurudi tena, nashinda kibandani kwa baba nikimshikia magurudumu. Nimemruhusu, nimempigia magoti, nimemlilia. Anagonga spoki, anasikiliza, anakaza. Kuimba, haimbi.